Mgonjwa Atoke Nje, Ndugu Abaki

Watu wakiniuliza habari za Profesa huwa naanza na karanga, kwa sababu hicho ndicho kisa chake pekee ninachoweza kukisimulia mpaka mwisho bila kupandisha sauti.

Ilikuwa asubuhi, stendi ya Korogwe. Profesa alikuwa amestaafu kufundisha fasihi chuo kikuu na kuja kukaa Manundu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alinunua kifurushi cha karanga kwa mama mmoja mwenye beseni, akazimimina mkononi, akakunjua ile karatasi na kuisoma. Akanunua kifurushi cha pili, akasoma na hicho. Karatasi zilikuwa zimechanwa kwenye daftari la mgonjwa. Huku kwetu ukienda kutibiwa unakwenda na daftari la shule, daktari anaandika humo unaumwa nini na umepewa nini, kisha unarudi nalo nyumbani. Likijaa, au mwenyewe akifa, watoto wanalichorea, au linakwenda pamoja na magazeti kwa wafunga karanga. Profesa alisimama pale mtandio umemwangukia mabegani, akamwambia yule mama, "Nipe zote."

"Zote, mama? Na beseni?"

"Beseni baki nalo. Mimi nataka karatasi."

"Karatasi bila karanga siuzi. Nitazifungia nini?"

Yule mama alikuwa na haki, kwa hiyo Profesa akanunua karanga zote. Wiki ile nusu ya mtaa tulikula karanga mpaka matumbo yakalalamika. Yeye alizipiga pasi zile kurasa, akazipanga mezani, akaanza kumtafuta mwenyewe. Alimpata Ngombezi, kwenye nyumba za kambi ya mkonge: mzee mmoja aliyekuwa zamani akianika singa, zile nyuzi za mkonge, mzima kabisa, ambaye mjukuu wake alikuwa ameuza daftari bila kumuuliza. Profesa akamkabidhi kurasa zake ndani ya bahasha. Mzee akazitazama, akasema, "Mama, mimi sijui kusoma." Basi Profesa akavuta kigoda, akamsomea ugonjwa wake wote, ukurasa kwa ukurasa, akimgeuzia Kiingereza cha daktari kwa Kiswahili. Ndipo mzee alipojua kwamba vile vidonge alivyokuwa akimeza miaka miwili vilikuwa vya presha, wala havikuhusiana na mgongo wake.

Huyo ndiye Profesa wanayemkumbuka watu wengi, na sitaki kuwanyang'anya. Alikuwepo kweli, na karanga nilikula.

Kazi yake ya maisha ilikuwa washairi wa Ulaya wa kama miaka mia mbili iliyopita, wa mkondo ambao vitabu vyetu vya fasihi vinauita ulimbwende. Walitukuza hisia, upweke, milima na maradhi. Wengi walikufa vijana, na wengine walikuwa wamesomea utabibu kabla ya kushika ushairi. Profesa aliandika vitabu viwili na makala nyingi kuhusu namna washairi na madaktari wa enzi ile walivyomtazama mgonjwa: nani alisema, nani alisemewa. Kutoka hapo akaingia kwenye haki za binadamu. Hoja yake ilikuwa moja, nayo ni kwamba mgonjwa ana haki ya kujua kilichomo mwilini mwake kama alivyo na haki ya kula. Ilimchukua miaka thelathini kuijenga. Mama yangu aliielewa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Mama alikuwa Msambaa wa Mpale aliyeshuka bondeni akiwa msichana, akafanya kazi chumba cha brashi pale Ngombezi, mahali singa zinaposuguliwa na vumbi linaingia mpaka kwenye kope, kisha akastaafia kwenye mahindi na kunde. Jumamosi alikwenda kwa Profesa na ungo wake, wakawa wanachambua mchele pamoja.

"Sasa Profesa," mama alimuuliza siku hiyo, "hao watu wako walikuwa wanakohoa damu halafu wanaandika habari za maua?"

"Ndiyo, Mama Hilda."

"Na watu wakawasifu?"

"Mpaka leo."

"Huku kwetu mtu akikohoa damu anatengewa kikombe."

Profesa alicheka mpaka akaweka ungo chini, halafu akaandika maneno yale kwenye kijitabu chake. Baadaye niliyakuta katika makala yake moja, yametajwa kuwa ya "mkulima mmoja wa Korogwe". Nilipomwambia mama, akasema, "Si angeandika jina langu? Nimesema mimi." Hakukasirika. Nilikasirika mimi kwa niaba yake, na ndivyo tulivyokuwa tumegawana kazi siku zote.

Mimi nilimjua kabla hajawa jirani. Nilikuwa mwanafunzi wake, na leo nafundisha Kiswahili sekondari kwa sababu yake, jambo ambalo silifurahii kulisema. Siku ya kwanza ya muhula aliingia darasani bila salamu, akaandika ubaoni maneno matano: Mgonjwa atoke nje, ndugu abaki. Akauliza nani hajawahi kuyasikia. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kila mmoja wetu alishamsindikiza mtu hospitali, akaona daktari anafunua majibu, anatazama waliokaa mbele yake, anayasema maneno yale kwa upole kabisa. Na mgonjwa anainuka, anajifunga kanga vizuri, anatoka na mwili wake, habari za mwili huo zinabaki chumbani na watu wengine.

"Hii ndiyo sentensi katili kuliko zote nilizowahi kusoma," alituambia. "Na mimi nimesoma sana."

Alitufundisha kwamba kabla ya kusema shairi la ugonjwa ni zuri tuulize kwanza kalamu ilikuwa mkononi mwa nani. Ukijibu "mshairi" alikuuliza, "Na mgonjwa alikuwa wapi?" Ukisema mshairi ndiye mgonjwa, alikuuliza nani alikuwa anamfulia mashuka. Alikuwa mchoyo wa kusifu. Kazi nzuri aliiandikia "Imesomeka", na mwanafunzi aliyepewa "Imesomeka" alitembea wiki nzima kifua mbele. Niliandika insha kuhusu maneno yale matano, nikapata "Imesomeka, na ina hasira ya kutosha." Ninayo mpaka leo. Nimefikiria kuichoma mara nyingi, mkono unakataa.

Hapa Korogwe aliwasumbua waganga wa hospitali mpaka wakawa wakimwona wanapishana milangoni. Kulikuwa na hospitali moja, sitaitaja, ambayo chumba cha kupimia akina mama kilikuwa hakina pazia, na foleni yote iliona. Profesa alikwenda na barua. Wakamwambia bajeti. Akarudi na barua nyingine. Mara ya nne alikwenda na kiti chake mwenyewe cha kukunja, akakaa mlangoni pa mganga mfawidhi akisoma kitabu kuanzia saa mbili mpaka saa tisa, siku tatu mfululizo. Siku ya nne pazia likafungwa, la kijani, na ubaya wake haukuwa na mfano. Nesi mmoja aliniambia, "Yule bibi yenu ni mkorofi, lakini pazia tunalo." Wanawake wa Manundu na vijiji vyote vya jirani wanavua nguo nyuma ya pazia lile, na hawajui nani alilipigania.

Sasa upande wa pili. Profesa alikuwa anaogopa wagonjwa. Nalisema hivyo hivyo lilivyo, maana nilikaa naye jirani miaka mingi. Alikaa mabenchi ya nje ya hospitali akisomea watu madaftari yao, lakini wodini hakuingia. Fundi viatu wa mtaani kwetu alipolala miezi kitandani, Profesa alimpelekea uji kila siku, na kila siku uliupeleka mkono wangu. Yeye alibaki kwenye ua anauliza kwa sauti, "Ameamkaje? Amekula?" Ukimwambia aingie akamwone, alikumbuka ameacha maji motoni. Mama alimtania waziwazi: "Profesa anapenda wagonjwa wa kwenye karatasi, hawanuki." Na Profesa alicheka, kwa sababu alicheka kila alichosema mama. Mimi nikayachukua yale kama kasoro ndogo ya mtu mkubwa, kitu cha kuchekea jioni.

Mwaka mama alipoanza kukonda, alisema chakula kinakaa hapa, akionyesha chini ya kifua. Zahanati wakampa dawa nyeupe ya maji. Alipotapika weusi nikampeleka hospitali kubwa, wakamwingiza mpira wenye kamera kooni, wakakata kipande kidogo cha nyama cha kupima, wakasema turudi baada ya wiki tatu kwa majibu. Siku ya majibu ikaangukia wakati nimeitwa kusahihisha mitihani mkoa mwingine, kule ambako simu unaikabidhi asubuhi na kurudishiwa jioni. Ningeweza kuomba ruhusa. Sikuomba, kwa sababu nilikuwa na Profesa. Nilijiambia mkoa mzima hakuna mtu bora wa kukaa na mama yangu kwenye chumba kile. Nilimchagua mimi, na hilo nalibeba mwenyewe.

Jioni mama alinipigia simu akicheka.

"Hilda, daktari kayasema. Yale maneno ya Profesa ya ubaoni. Katutazama, kasema, mgonjwa atoke nje, ndugu abaki."

"Profesa akafanya nini?"

"Nilikaa kwanza, nimtazame atakavyowaka. Akanigeukia, akaniambia, Mama Hilda, kaa hapo nje kidogo." Alicheka tena. "Basi nikajua mambo ni madogo. Yangekuwa makubwa angepigana."

Alipotoka, Profesa alimwambia ni vidonda vya tumbo. Nikampigia na yeye, akanijibu hivyo hivyo: vidonda, vya muda mrefu, vinataka uvumilivu. Nikamshukuru. Nilimshukuru sana, nikamwambia sijui tungefanya nini bila yeye. Naikumbuka sauti yangu nikimshukuru, na nikiikumbuka nataka kupiga kitu.

Miezi saba mama yangu alikunywa maziwa baridi na maji ya kabichi. Alikunywa dawa nyeupe chupa kwa chupa. Aliacha pilipili, akaacha maharage, akaacha chai, kila alichokipenda alikiacha kimoja kimoja kwa sababu ya vidonda ambavyo havikuwepo, na kila alipozidiwa alijilaumu kwamba labda alikula kitu. Maumivu yalipokuja aliuma pindo la kanga. Nilikuwa nampa panadol. Nimesoma mpaka shahada na nilikuwa nampa mama yangu panadol mbili, namwambia, "Vumilia, mama, vidonda ndivyo vilivyo." Profesa alileta uji mpaka kwenye ua. Jumamosi za mchele zikaisha, akasema macho yanamsumbua. Daftari la mama alilichukua siku ile ya majibu, akasema atalitunza na mengine, na sisi tukaona ni heshima.

Mama alikuwa na mdogo wake Mpale. Walikuwa hawasemeshani tangu maziko ya bibi yangu, waligombana juu ya mahali pa kumzika, na mama ndiye aliyesema maneno mabaya zaidi. Alilijua hilo. Katika kuumwa kwake alianza kumtaja. "Nikipona hivi vidonda," aliniambia, "tukishavuna, nitapanda Mpale nikaongee naye. Siwezi kwenda naumwa, ataona nakwenda kujihurumisha." Mahindi yalikuwa bado yana maua alipofariki. Mama mdogo alishuka kuzika, akakaa kwenye mkeka siku tatu bila kula. Siku ya tatu akaniuliza kama tulijua.

"Hatukujua, mama mdogo. Tuliambiwa vidonda."

"Mngejua mngeniita."

"Tungekuita."

"Ningekuja kwa miguu," akasema, akajifunika kanga usoni.

Baada ya nusu mwaka watoto wa Profesa waliamua kumhamishia kwao Handeni, maana presha ya macho ilikuwa imemmaliza jicho moja na la pili lilikuwa linafuata. Nilikwenda kumsaidia kufungasha. Madaftari yote ya wagonjwa aliyokuwa amekusanya yalikuwa kwenye maboksi, yameandikwa majina ya sehemu: Ngombezi, Mpale, Manundu. Yeye alikaa uani kwenye kiti chake cha kukunja akituelekeza lipi lipande wapi. Boksi la Manundu lilikuwa limefunguka, na juu kabisa niliona daftari la mama, lenye jalada la karatasi ya maua nililolibandika kwa mkono wangu. Ndani yake kulikuwa na barua ya hospitali.

Niliisoma nimesimama. Ilisema ni kansa ya tumbo, imeshaenea, haipasuliki. Ilisema ipo dawa ya maumivu, mofini ya maji, inatolewa bure kwenye kitengo chao cha tiba shufaa, ya wasiotarajiwa kupona, na mgonjwa aandikishwe huko kwa jina la ugonjwa wake. Ilisema mgonjwa aelezwe. Mstari wa mwisho ulisema kwamba ndugu wa mgonjwa ameomba amweleze yeye mwenyewe nyumbani. Ndugu. Hata undugu aliukubali pale ndani.

"Profesa," nikamwambia, "mama yangu alikuwa na kansa."

"Naam."

"Ulijua."

"Nilijua, Hilda."

Nililiinua boksi la Manundu nikalimwaga uani. Madaftari ya watu yakatapakaa, mengine yakaingia kwenye maji ya kuoshea vyombo, na naliona hilo aibu mpaka leo, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao aliyenikosea. Nikachukua la mama nikaondoka. Mofini ndiyo iliyonitoa akili. Angenyamaza tu, siku moja ningeweza kumwelewa. Lakini dawa ilikuwepo, safari ya saa moja kutoka kwetu, na ilichokuwa inadai ni jina la ugonjwa litamkwe. Mtu aliyeandika vitabu juu ya haki ya mgonjwa alimwacha mama yangu aume kanga ili yeye asitamke neno moja.

Miaka minne hatukusemezana. Watu waliponiambia Profesa anakusalimia nilijibu kwamba mimi sijambo. Shuleni nilipofundisha ushairi, wanafunzi wangu waliuliza kalamu ilikuwa mkononi mwa nani, maana ndivyo nilivyowazoesha, na kila walipouliza nilimsikia yeye, nikawa mkali kwao bila sababu.

Mwaka jana mwanawe mkubwa alinipigia. "Dada Hilda, mama anaumwa. Anakuulizia wewe tu, tumechoka." Nikasema sina nafasi. Kesho yake nikapanda gari la Handeni, na mpaka nashuka Chanika, pale Handeni mjini, sikuwa nimejua nakwenda kufanya nini.

Mwanawe alinipokea barazani, akanivuta pembeni kwenye maji ya kunawia. "Daktari alituita sisi watoto," akasema kwa sauti ya chini. "Ni kansa ya ini. Yeye tumemwambia homa ya ini, inatulia na vidonge. Tafadhali dada, usije ukateleza. Mama hana moyo wa kubeba hilo." Nilimtazama. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, macho yamevimba kwa kulia, na alikuwa anampenda mama yake. Sikumwahidi kitu.

Profesa alikuwa kitandani, mdogo, ngozi imekuwa ya manjano, macho yote mawili yameshakwisha. Chumba kilinuka ugonjwa.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Ni Hilda. Bado unakanyaga kama mtu aliyekosewa."

"Nilikosewa."

"Kaa."

Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa bahasha. "Hii barua niliipapasa kwenye koti la mwanangu nikaichukua. Mimi siwezi kusoma tena. Mjukuu wangu kanisomea homa ya ini. Jirani kanisomea malaria sugu. Mwanangu mwenyewe kasahau walichokubaliana, kanisomea presha. Karatasi moja, magonjwa matatu. Sijawahi kupata wasomaji wabaya kiasi hiki." Alipumzika kidogo, pumzi ilikuwa fupi. "Nimekuita wewe kwa sababu hunipendi. Wanaonipenda hawawezi kusoma."

Niliishika ile bahasha bila kuifungua. "Kwanza niambie kwa nini."

Kwa miaka minne nilikuwa nimemtungia majibu. Labda daktari alimkataza. Labda mama alimwomba anifiche mimi. Labda kulikuwa na jambo kubwa ambalo siku moja lingenifunga mdomo. Profesa aligeuza uso ukutani.

"Niliogopa," akasema. "Nilitoka mle ndani nimeshapanga maneno. Nikamkuta benchini anacheka na mama mwingine, akanisogezea nafasi nikae. Nikaogopa. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake nikasema kesho. Halafu ikawa siwezi kumwambia ugonjwa bila kumwambia nimekaa nao siku ngapi."

"Basi?"

"Basi. Hakuna kingine."

"Na maumivu yake? Ulijua dawa ipo."

"Nilikuwa namsikia kutoka kwangu."

"Ulikuwa unamsikia."

"Nilifunga dirisha," akasema.

Nilisimama. Ningemwachia bahasha yake na magonjwa yake matatu, na hakuna mtu katika nyumba ile angenilaumu. Mwanawe angenisindikiza mpaka stendi kwa shukrani. Profesa hakuniomba nibaki. Alilala vilevile, uso ukutani, mkono mmoja umeshika ukingo wa godoro.

Nikakaa, nikafungua barua. Mwanzo ulikuwa jina lake na umri wake, nikausoma kwa sauti. Uliofuata ulikuwa mstari wenyewe. Nauandika ukweli: homa ya ini ilikuwa tayari kwenye ulimi wangu. Sikuiita. Ilikuja yenyewe, laini, pamoja na huruma ambayo sikujua ninayo kwake, na nikaona wazi kabisa jinsi ambavyo ningeitamka, yeye angesema ahsante, na mimi ningerudi Korogwe nikiwa mtu mwema. Nikameza mate.

"Ni kansa, Profesa. Ya ini. Imeenea, hawawezi kupasua. Wanasema ni wiki, labda miezi miwili."

Mkono wake ulikaza godoro, ukaachia. Nilidhani atalia. Alilia baadaye.

"Imeandikwa dawa ya maumivu?"

"Imeandikwa. Mofini ya maji. Mpaka uandikishwe kwa jina la ugonjwa wako."

"Mwite mwanangu."

Mwanawe akaja, akaona barua mapajani mwangu, akaelewa. Profesa akamwambia kesho asubuhi wampeleke akaandikishwe, na atakayemwita daktari pembeni kuanzia leo asirudi ndani ya nyumba yake. Alikuwa na sauti ya darasani, nyembamba lakini ileile. Halafu akanigeukia kwa macho yake yasiyoona.

"Hilda. Nisamehe."

"Bado," nikasema.

Barazani mwanawe aliniambia nimewaua. Nikamwambia sijaua mtu, nimesoma barua ya mwenyewe. Hakunisindikiza.

Alikaa wiki tisa. Nasikia mofini ilimfaa, alikuwa analala, anakula ndizi, anaita watu mmoja mmoja na kumalizana nao. Dada yake aliyekuwa Pangani alikuja akakaa naye mpaka mwisho. Alipanga nani apewe maboksi, akataka kila daftari lirudishwe kwa mwenyewe au kwa watoto wake. Watu wanaosimulia wanasema alikufa vizuri, na wananiambia mimi kama habari njema, kana kwamba nimelipwa. Wananiuliza kama moyo wangu sasa umetulia. Haujatulia. Zamani nilikuwa nafikiri kile alichoshindwa kilikuwa kikubwa mno, mlima ambao labda hata mimi ningeshindwa kuupanda, na kidogo ilinisaidia kufikiri hivyo. Sasa nimekaa kwenye kiti kilekile, mbele ya mtu anayekufa, neno lilelile mdomoni. Najua lilivyo zito, na najua linachukua muda gani kutoka. Kwangu lilichukua muda wa kumeza mate mara moja. Yeye alikuwa na miezi saba.